Upendo wa Mungu na Jembe la Apolo

Neno "upendo" twalisikia mara nyingi mno. Lahubiriwa kanisani, laimbwa na kwaya, hata laandikwa juu ya vioo vya magari ya abiria yapitayo hapa Muhokya yakielekea Bwera na Mpondwe. Na neno litumikalo sana huchakaa kama sarafu ya zamani, mpaka mtu akiishika hawezi kusoma thamani yake. Kwa hiyo nimeona vema, ndugu wasomaji, wanafunzi wa sasa na ninyi mliokwisha kutoka shuleni, tukae kidogo tulieleze. Mkristo asemapo kwamba Mungu anampenda, ana maana gani? Aujuaje upendo huo? Na akiisha kuujua, afanye nini nao?

Kiswahili ki tajiri katika jambo hili. Tuna mapenzi, tuna huba, tuna huruma, tena tuna upendo. Mapenzi ya kijana huanza kwa kuona uzuri. Urafiki huanza kwa kuona kwamba fulani na mimi twafanana: twapenda mpira mmoja, au twatoka kijiji kimoja. Lakini upendo unaosemwa katika Agano Jipya, ambao Wagiriki waliuita agape, hauanzi kwa uzuri wa mwenye kupendwa. Waanza kwake yeye apendaye. Hapo ndipo wengi hujikwaa. Twadhani Mungu atupenda kama vile mwalimu ampendavyo mwanafunzi apataye alama za juu. Basi mtu akianguka katika dhambi hudhani jina lake limekwisha kufutwa katika orodha. Mtume Paulo, alipowaandikia Warumi, alifundisha kinyume kabisa: Kristo aliwafia watu wangali wabaya, hakungoja watengenee kwanza. Naye Yohana katika waraka wake wa kwanza aeleza kwamba jambo hili la kupenda halikuanzia kwetu. Sisi twaitikia tu.

Wasomaji wa mbali pengine hawajui kwamba Muhokya ni mahali pa chokaa. Wenyeji hapa huchimba mawe, huyapanga katika tanuu, huwasha kuni, na moto huachwa uyale mawe yale muda mrefu. Mwalimu wa kemia atakuambia ya kuwa moto huo huliondolea jiwe hewa ya kaboni dioksaidi, kikabaki kitu kiitwacho chokaa isiyozimwa. Likiisha kupoa, laonekana ni jiwe jeupe tu, baridi, halina neno. Lakini limwagie maji! Litafura, litapasuka, litatoa mvuke, na ukilishika litakuunguza mkono. Jiwe lenyewe halikuwa na nguvu hiyo. Lilipewa katika tanuu. Tena chokaa ile ikiachwa nje siku nyingi bila kutumiwa, hunyonya unyevu na hewa kidogo kidogo hata ikafa, nawe ukiimwagia maji hutaona mvuke wo wote. Najua kwamba mfano hauwezi kubeba kila kitu, na mtu si jiwe. Hata hivyo sijaona mfano mwingine ulio karibu nasi zaidi wa kueleza kwamba upendo wa mwamini ni kitu alichopewa, na kwamba akiuweka bila kuutoa haukai.

Sasa, mtu aujuaje? Wengine hungoja kuhisi. Wasikie moyo ukiwaka, machozi yakitoka, ndipo waamini. Katika miaka ya 1930 Uamsho ulienea kutoka Gahini katika Rwanda hata ukaingia Uganda, na watu kama Simeoni Nsibambi na mdogo wake Blasio Kigozi wakajulikana kila mahali. Wale walioitwa Abalokole walilia kweli, wakaungama hadharani, wakarudisha vitu walivyoiba. Sina neno la kuwalaumu kwa machozi yao. Ila tazama kile kilichodumu: ni yale mali yaliyorudishwa, na ugomvi uliokwisha. Machozi yalikauka, nayo hayakuwa na kazi nyingine. Hisia ni kama mvua ya mlimani, hunyesha na kupita. Lakini mto unaendelea kushuka hata siku ya jua. Mkristo aujua upendo wa Mungu katika sala, katika Neno, katika Meza ya Bwana, na katika kusamehewa. Tena mara nyingi, pengine kuliko zote, aujua kwa mkono wa mtu mwingine. Ndiyo sababu nataka kuwaletea habari za mtu mmoja aliyevuka mlima wetu huu akiwa na jembe.

Huyo ni Apolo Kivebulaya. Alizaliwa Buganda mwaka 1864 hivi, akiwa pacha, nalo jina lake la kwanza lilikuwa Waswa. Katika ujana wake aliyasikia mafundisho ya Alexander Mackay, yule fundi Mskoti wa misheni ya C.M.S., lakini hakubatizwa mpaka mwaka 1895. Jina la Kivebulaya ni la utani; maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya, kwa sababu alipenda kuvaa koti jekundu la kizungu juu ya kanzu yake. (Jina la utani halimdhuru mtu. Sisi tunaopewa majina hayo mabwenini tukumbuke kwamba lake limeandikwa katika vitabu.) Akatumwa Toro kuwa mwalimu wa dini.

Ng'ambo ya pili ya Ruwenzori, ukiisha kuvuka mto Semliki, ipo nchi ya Mboga, ambayo siku hizi huandikwa Boga, nayo ni sehemu ya Ituri katika Kongo. Mtawala wake wakati ule alikuwa Tabaro. Kabla ya Apolo walitangulia huko walimu wawili, Petero na Sedulaka. Mwanzo walipokewa, kisha Tabaro akachoka nao, watu wakaacha kuwapa chakula, na walimu wale wakarudi Toro kwa njaa. Kumnyima mgeni chakula ni njia ya kumfukuza bila kumgusa. Hakuna damu, hakuna kesi, aondoka mwenyewe.

Apolo akasema yeye atakwenda. Inasimuliwa kwamba kabla ya kuondoka, mwaka 1896, alinunua jembe, akasema hilo ndilo litakalomlisha. Naomba tusilipite jembe hili haraka. Mtu aliyekuwa anakwenda kuhubiri angaliweza kuomba barua ya mkubwa wa serikali, au askari wa kumsindikiza, maana yeye mwenyewe alikuwa amepata kutembea na majeshi na alijua nguvu ya bunduki. Akachukua jembe. Kwa jembe lile aliwaambia watu wa Mboga mambo mawili kabla hajafungua kinywa: kwanza, sikuja kula chenu, pili, hamtaniondoa kwa njaa. Kwangu mimi hilo lilikuwa hubiri lake la kwanza, tena si dogo.

Akalima, akafundisha kusoma, watu wachache wakaanza kuja. Tabaro hakufurahi. Mafundisho yale yaligusa pombe, yaligusa wake wengi, yaligusa desturi zilizokuwa nguzo za utawala wake. Apolo akapigwa, nyumba yake ikachomwa moto. Kisha mwaka 1898 likatokea jambo zito. Dada yake Tabaro aliangukia mkuki uliokuwa katika majani marefu, akafa. Lawama yote ikamwangukia Apolo. Akakamatwa, akafungwa minyororo, akapelekwa kwa maofisa wa Kiingereza huko Toro kwa shauri la kuua.

Katika taabu ile alipata ono ambalo alilisimulia maisha yake yote. Alimwona Kristo akiwa kama mtu, akimeremeta kama jua, akamwambia ajipe moyo kwa kuwa yupo pamoja naye. Yako watakaosema kwamba ilikuwa ndoto ya mtu mwenye njaa na hofu. Wacha waseme. Lakini yafaa kuangalia namna upendo wa Mungu ulivyomjia. Haukumjia alipokuwa amefanikiwa. Haukukata minyororo usiku ule. Asubuhi ilikuwa ingali miguuni. Wala hakuambiwa kwamba adui zake wataangamia. Aliambiwa tu kwamba hayuko peke yake. Mtu akiuliza, "kuuonja upendo wa Mungu" ni kitu gani, mimi humjibu kwa habari hii kuliko kwa maelezo marefu: ni kujua kwamba hukuachwa, hata pale ambapo mambo hayajabadilika.

Baadaye ikaonekana kwamba hana hatia, akafunguliwa. Hapo sasa, ndugu yangu, jiweke mahali pake. Umepigwa, umechomewa nyumba, umesingiziwa kuua, umekaa gerezani. Wakubwa wa kanisa wasingalikulaumu kama ungaliomba kazi nyingine, Toro au nyumbani Buganda. Nani angelikulaumu? Apolo akarudi Mboga. Akarudi kwa Tabaro yule yule. Na Tabaro, aliyekuwa na nguvu zote za kumwumiza, alikuwa hajaona katika maisha yake mtu afanyaye hivyo. Mwisho wake Tabaro mwenyewe aliomba kufundishwa, akabatizwa, akaitwa Paulo.

Nadhani kilichomshinda Tabaro si hoja. Hoja alikuwa nazo za kutosha, na walimu wa kwanza pia walikuwa na hoja. Kilichomshinda ni kule kurudi. Kila mtu anajua kupenda akipendwa. Kila mtu pia anajua kuondoka akichukiwa. Lakini yule aliyekwisha kuumizwa nawe, akarudi mlangoni pako bila silaha na bila deni mkononi, huyo huna pa kumweka. Hivyo ndivyo Injili isemavyo kwamba Mungu alivyotufanyia sisi, na ndiyo sababu nasema Apolo hakuhubiri upendo kwa maneno tu: alifanya kwa Tabaro kile alichofanyiwa mwenyewe.

Habari zake za baadaye nitazipitia upesi. Akawa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903, baadaye akafanywa kanoni wa kanisa kuu la Namirembe. Alifanya kazi miaka mingi Toro, kisha akarudi tena Mboga, naye akakaa huko hata mwisho. Tangu mwaka 1921, akiwa amepita umri wa miaka hamsini, umri ambao wengine huanza kuhesabu siku za kupumzika, alianza kuwaendea Wambuti wa msituni. Hao ni watu wafupi ambao majirani zao waliwadharau, hata wakawasema kama kwamba si watu kamili. Apolo akaingia msituni walikokaa, wala hakungoja wao watoke waje barazani kwake. Injili ya Marko ikafasiriwa katika lugha yao. Alikufa Boga tarehe 30 Mei, 1933. Alikuwa ameagiza kwamba akizikwa, kichwa chake kielekee magharibi, upande wa msitu, wala si upande wa kwao Buganda, kwa sababu kazi ilikuwa bado inaendelea upande huo. Kutoka katika kanisa lile dogo la Mboga limekua Kanisa la Anglikana la Kongo: Boga ikapata askofu wake mwaka 1972, na mwaka 1992 Kanisa hilo likawa jimbo lenye kujitegemea.

Haya, tumtoke Apolo, turudi huku kwetu. Maana ni rahisi kumsifu mtu aliyekufa mwaka 1933.

Wilaya yetu ya Kasese ina watu wengi. Wako Wakonzo, walimaji wa milimani. Wako Wasongora na ng'ombe zao katika nchi tambarare. Wako Watoro, Wabanyabindi, na wengine walioletwa na kazi, tangu machimbo ya shaba ya Kilembe yalipofunguliwa na reli ilipofika Kasese mwaka 1956. Kati ya mlima na hifadhi ya wanyama ardhi ni nyembamba. Ng'ombe akiingia shambani, mkulima huona jasho lake likiliwa. Mashamba yakifunga njia ya maji, mchungaji huona ng'ombe wake wakifa. Mwaka 2006 na 2007, Wasongora waliokuwa wamekaa Kongo walipofukuzwa na kurudi Uganda na mifugo yao, ugomvi huo ulizidi, hata serikali ikabidi iingie kugawa ardhi. Sisemi nani ana haki katika kila shamba; hilo ni la wazee, na mahakama, na ramani. Ninachosema ni kwamba Mkristo hapa Muhokya hawezi kueleza upendo wa Mungu akiruka jambo hili. Akiliruka, anaeleza upendo wa nchi nyingine.

Mnaujua mfano wa Msamaria. Kwetu umezoeleka, hata watoto wa shule ya Jumapili huuigiza. Lakini wale waliousikia mara ya kwanza walikasirika, kwa kuwa Wayahudi na Wasamaria hawakuwa wakichangamana. Kama Bwana angaliusimulia kando ya barabara yetu hii, kati ya Muhokya na Kikorongo, angalimweka nani amelala hapo akivuja damu, na nani amepiga magoti kumfunga jeraha? Wewe uliye Mkonzo, mfanye mwenye huruma kuwa Msongora. Wewe uliye Msongora, mfanye Mkonzo. Kisha usome tena, uone kama bado ni hadithi tamu.

Tena angalia alichofanya Msamaria. Hakutoa maneno. Alitoa mafuta na divai, alitoa mnyama wake, akatembea yeye kwa miguu, akalipa dinari mbili, ambazo ni mshahara wa kibarua wa siku mbili. Na kabla ya kuondoka akamwahidi mwenye nyumba ya wageni kwamba atarudi, na gharama iliyozidi ataimaliza. Hapo twakutana na Apolo tena. Msaada wa siku moja waweza kutolewa na mtu ye yote mwenye moyo laini. Kurudi kuuliza hali ya mgonjwa, wiki ya pili na ya tatu, wakati watu wengine wamekwisha kusahau, ndiko kunakogharimu.

Jambo hili tuliliona wenyewe. Mwezi wa Mei, 2020, mto Nyamwamba ulifurika kutoka mlimani, ukabeba nyumba za Kilembe, ukaharibu hata hospitali. Maelfu ya watu walikosa mahali pa kulala. Baadhi ya familia hizo zililetwa kambini hapa Muhokya, zikakaa miaka chini ya maturubai. Siku za kwanza magari yalikuja kwa wingi: unga, maharagwe, blanketi, hotuba, na picha. Ni vizuri, blanketi lililotolewa mbele ya kamera latia joto sawasawa na lile lililotolewa gizani. Lakini picha zikaisha, na njaa haikuisha. Waliokuja baada ya hapo ndio nionao kwamba waliijua maana ya jembe la Apolo.

Na hapa mwanafunzi mwenye akili atauliza: Kama Mungu atupenda, mbona Nyamwamba ukabeba nyumba za wale waliosali jana yake? Swali hili si dhambi. Zaburi zimejaa maswali ya namna hiyo. Mwalimu wa jografia ataeleza mvua kubwa, na miteremko mikali, na mawe yaliyoteremka mpaka yakajaza mkondo wa mto, na maelezo yake ni ya kweli. Lakini aliyepoteza nyumba haulizi jografia. Wako wanaomjibu kwamba ni adhabu ya dhambi zake. Jibu hilo silipendi, wala Bwana Yesu hakulipenda: alipowataja watu waliouawa na mnara ulioanguka Siloamu, alikataa kusema kwamba walikuwa wabaya kuliko wengine. Mimi sina jibu la kumaliza swali. Ninajua tu ya kuwa marafiki wa Ayubu walifanya vema siku saba za kwanza, walipoketi naye chini bila kusema neno. Makosa yao yalianza walipofungua vinywa.

Tukija shuleni kwetu, mambo ni madogo, nayo kwa sababu ni madogo ndiyo maana twayadharau. Mwanafunzi mpya afika na sanduku lake, hajui bweni liko wapi, wakubwa wamfanya mtumwa wa kuchota maji na kufua, wakisema, "Hata sisi tulifanyiwa." Kuna mwenzetu arudishwaye nyumbani kwa karo kila muhula, na akirudi amekosa masomo ya majuma mawili. Ukimpa daftari lako anakili, umepoteza jioni mbili. Hilo ni jambo la kweli, na jioni hizo hazirudishwi na mtu. Kuna mgonjwa wa malaria aliyelala bwenini wakati sisi tuko uwanjani. Kuna aliyeiba sabuni, akashikwa, akaadhibiwa, adhabu ikaisha. Je, miezi mitatu baadaye aitwa jina lake au aitwa "mwizi"? Msamaha usiorudisha jina la mtu bado haujamaliza kazi.

Na ninyi wazee wa shule, mlio na mishahara, msidhani kwamba kwenu ni kutoa mchango siku ya sherehe na jina kusomwa. Mmoja wenu akiwa karani, upendo wake huonekana dirishani kwake, pale mama kutoka kijijini anaposimama na karatasi asizoweza kuzisoma. Mwingine akiwa muuguzi, huonekana saa tisa ya usiku. Aliyefanikiwa na kulipia mtoto wa jirani karo bila mtoto kujua ni nani alipaye, huyo amefanya jambo gumu, kwa kuwa amejinyima hata shukrani.

Limebaki lililo gumu kuliko yote, nalo ni adui. Nisilifiche, maana sisi wa Kasese hatuwezi kulizungumza kama somo la darasani. Usiku wa tarehe 16 Juni, 2023, wauaji wa kundi la ADF waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, wakachoma bweni, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi kama ninyi. Miaka miwili kabla yake, mwisho wa Mei 2021, katika Boga yenyewe ya Apolo na katika Tchabi jirani yake, watu zaidi ya 50 waliuawa kwa usiku mmoja, na kundi hilo hilo likashtakiwa. Amri ya kuwapenda adui ilitolewa kwa ajili ya watu wenye adui wa kweli. Basi maana yake ni nini?

Askofu Festo Kivengere wa Kigezi alilazimika kuijibu. Tarehe 16 Februari, 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa na serikali ya Idi Amin. (Cheo cha Luwum kilitaja Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire, shamba la Apolo lilikuwa katika jina lake.) Kivengere akakimbia na mkewe, wakavuka milima kwa miguu usiku mpaka Rwanda. Moyoni alikuwa na uchungu mwingi. Alieleza baadaye kwamba Ijumaa Kuu ya mwaka ule, akiwa kanisani London, aliyatafakari maneno ya Bwana msalabani ya kuwaombea waliomsulibisha, akatambua kwamba hawezi kujitenga nayo. Akaandika kitabu ambacho jina lake lilisema wazi kwamba anampenda Idi Amin. Wengi walichukizwa. Lakini asomaye kitabu kile haoni mahali ambapo mauaji yameitwa jambo dogo. Kivengere aliyataja mauaji kwa jina lake, ulimwenguni kote. Kumpenda adui si kumwachia panga, wala si kuwazuia askari wasilinde mabweni, wala mahakimu wasihukumu. Ni kukataa kwamba chuki yake iwe ndiyo mwalimu wako. Kivengere aliogopa jambo moja, kwamba Amin angeweza kumfanya afanane na Amin. Hilo ni jambo la kuogopwa kweli.

Kwa mzazi aliyemzika mtoto wa Lhubiriha mimi sithubutu kusema, "Samehe." Hilo ni lake na Mungu, na siku zake. Lakini kwetu sisi tuliobaki kuna jambo lililo karibu zaidi. Wauaji wale walitoka upande wa Kongo, na tangu hapo wako wanaomtazama kila mtu atokaye Kongo kwa jicho baya. Kumbe wanaovuka Mpondwe na mafurushi kichwani wanawakimbia watu wale wale. Wamezika kama sisi tulivyozika. Mtoto wao aweza kuwa darasani mwako muhula huu, kimya kwenye benchi la nyuma, hajui Kiingereza cha kutosha, wala Lukonzo cha kwetu pengine hakisikii vizuri. Ila Kiswahili anacho, tena cha haraka kuliko chetu sisi tunaosoma ukurasa huu kwa taabu. Mwenye Kiswahili kidogo na aanze na hicho hicho: amwulize habari za nyumbani, kisha anyamaze, asikilize jibu mpaka mwisho, hata kengele ikilia.